Kwa Wambui, Anayepanda Mlima na Kigari cha Japani

Makongeni, Jumapili jioni

Wambui wangu,

Tangu Alhamisi mama yako anakupa maagizo na mimi namsikia kupitia ukuta. Chemsha maji ya kunywa. Osha soksi. Usilale dirisha likiwa wazi. Usimpe mtu usukani eti anataka kuujaribu tu. Mimi hayo yote nimeyaruka. Kwanza, amenimalizia. Pili, soksi zangu unazijua, sina ujasiri wa kumshauri mtu. Nimeketi hapa gereji, upande wa pili wa ukuta wa nyumba yetu, juu ya betri kuukuu, biro nimeazima kwa Mzee Karanja, na ninakuandikia yale ambayo mama yako hawezi kuyaandika, kwa sababu yeye tangu azaliwe hajawahi kukosea. Ukibisha, muulize mwenyewe.

Mwandiko usiucheke. Niliacha shule kidato cha pili, na si kwa ujinga. Walimu walisema nina kichwa kizuri, shida yake ni kwamba kilikuwa kinatazama dirishani. Ulipozaliwa nilikuwa na miaka kumi na tisa na mama yako ishirini, kwa hiyo wakisema kuna mtu alidanganywa na mkubwa wake, mtu huyo ni mimi. Ndiyo maana mpaka leo tukipita pamoja Jogoo Road watu huuliza kama mimi ni kaka yako. Najua inakuudhi. Mimi naisikia kama redio nzuri.

Kesho unaondoka na kigari. Hadithi ya kigari hiki umeisikia vipande vipande, na vipande vingi umevipata kwa mama yako, ambaye hapendi ning'ae. Leo utaisikia kutoka kwa mwenyewe, halafu utajua kwa nini ninakuachia kitu ambacho sijawahi kumwachia mtu hata akisogeze tu kutoka kivulini.

Unakumbuka mjomba wako Wafula alipokuja nyumbani, ukiwa darasa la sita? Unakumbuka mandazi tu, nadhani. Mimi nakumbuka aliyoyasema baada ya mandazi. Aliweka kikombe chini, akapangusa mdomo, akasema ametumwa na wazee wa kwao mlimani. Akasema mimi nimekaa na dada yao miaka yote hiyo na hakuna siku nimepeleka hata kamba ya ng'ombe, acha ng'ombe. Mahari haijazungumzwa, kwa hiyo hakuna mkwe. Hakuna mkwe, kwa hiyo hakuna baba. Mtoto ni wao. Sikukuu ya Pasaka wazee watakaa, Jumamosi. Nikifika kwa heshima, na kila anayetakiwa awe mahali pake, na mama yao akiwemo, watanisikiliza. La sivyo, wewe utabaki kwa nyanya yako, utasomea huko, na mimi nitarudi Nairobi nikiwa mwanamume asiye na mtu.

Mama yako alikuwa jikoni. Sufuria zikanyamaza.

Sasa mtu mwenye akili angeuliza, mnataka nini hasa, nije na nani, nivae vipi. Mimi nikamwambia Wafula nitakuja na lori langu kutoka Japani.

Lori lilikuwepo, Wambui, usinitazame hivyo. Lilikuwa majini. Miaka ile magari ya mitumba kutoka Japani yalikuwa yameanza kumwagika Mombasa, na kila mtu wa mitaa ya Umoja na Tena alikuwa akiota gari dogo jeupe la kwenda nalo kanisani. Mimi nikasema hapana, mimi si kondoo. Nilikuwa namjua Salim, ajenti wa bandarini, aliyekuwa akija Nairobi na bahasha ya picha. Alinionyesha picha moja nikaishika nikakataa kuirudisha. Pikapu nyeupe, imesimama peke yake katikati ya shamba la mpunga, matope mpaka kwenye milango, mlima nyuma yake. Salim akasema magurudumu yote manne yanavuta, wakulima wa huko hupanda nayo mahali ambapo hata mbuzi huomba msaada. Nikawaza kwa akina mama yako kule mlimani, juu ya Chwele, jinsi alivyonisimulia maziwa yakimwagwa msimu wa mvua kwa sababu lori haliwezi kupanda. Nikawaza mimi nikitokea kwenye kona na mashine ile, wazee wakiinuka kwenye viti. Nikauza pikipiki, nikachangishana na Salim, tukatuma faksi.

Picha ile haikuwa na mtu. Hilo ndilo kosa lenyewe, na ni la kuweka akilini. Hakukuwa na mtu amesimama kando ya gari, wala ng'ombe, wala hata kuku. Mimi niliiona na mlima nyuma yake, nikaipima kwa mlima.

Makongeni yote ilijua lori linakuja. Nilihakikisha. Niliwaambia akina mama wa block yetu waanze kuzoea kuanika nguo upande wa pili. Nilimwajiri kijana wa kunisaidia kupakia. Kisha nikamwendea Mzee Karanja, mwenye gereji hii, nikamwambia geti lake ni jembamba, lori halitapita. Mzee Karanja ni mtu mwenye huruma, aliniokota nikiwa sijui spana ni nini. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mzee, mimi ndiye niliyeliagiza. Tukabomoa nguzo mbili za mawe. Kazi hiyo ilikula Jumamosi nzima. Geti likawa wazi kiasi cha kupitisha treni.

Siku kigari kilipofika, Salim mwenyewe alikileta kutoka Mombasa. Nilisikia mlio kwanza, kama cherehani iliyokasirika. Watu walikuwa wamejipanga nje, wengine wamebeba watoto mabegani. Kigari kikakunja kona, kikapita katikati ya geti, na kila upande pakabaki nafasi ya mkokoteni na mwenye mkokoteni. Kingeweza kupita mlango mdogo wa waendao kwa miguu tuliouziba wiki iliyotangulia.

 Halafu fundi mmoja wa upande wa pili akaniuliza, kwa sauti ya kunihurumia, kama kimekuja na mama yake au nitakinyonyesha mwenyewe. Basi. Wakaachilia vicheko. Mmoja akauliza kikikua kitakuwa lori la aina gani. Mwingine akasema nikitie mfukoni kabla mvua haijanyesha. Yule kijana niliyemwajiri alikizunguka mara moja, akaniaga kwa heshima, akaenda zake. Mzee Karanja hakucheka. Alisimama akaangalia kigari, akaangalia nguzo zake zilizolala chini, akaingia ndani kutafuta kofia yake. Hilo liliniuma kuliko kucheka kwao wote.

Lakini nikakifungua kigari, mwanangu, na nikakipenda hapo hapo. Chini ya mabawa ya magurudumu kulikuwa na matope ya Japani, yamekauka, ya rangi ambayo udongo wetu hauna. Nyuma ya kiti kulikuwa na kofia ya majani ya mkulima na buti moja la mpira la mguu wa kushoto. Redio haikushika stesheni hata moja, ilikuwa inakoroma tu, kama imechoka na safari. Injini ilikuwa chini ya kiti, mtu akikaa anapikwa taratibu. Na kando ya gia kulikuwa na kitufe chenye maandishi yao, chekundu kidogo, ambacho sikujua ni cha nini. Sikumwambia mtu kwamba sikijui. Niliwaambia watu wa mtaani ni cha kumwita mwenyewe kule Japani likitokea tatizo. Wewe nilikuambia ukikigusa gari litapasuka, na uliamini, ukawa unakaa mbali nacho kama nyoka.

Pasaka ikafika. Mama yako alikataa kuonekana na kigari akapanda basi Ijumaa, aende akawalainishe ndugu zake. Mimi na wewe tukaondoka alfajiri ya siku iliyofuata. Unakumbuka Naivasha wale wa lori la kabichi walivyotupita wakitupungia kama wanampungia mtoto? Unakumbuka ulilala mdomo wazi, kichwa begani kwangu, tangu Nakuru? Nilikuwa nakutazama kwa kona ya jicho nikijiambia kwamba huyu hatabaki huko. Nilipanga hotuba. Nilipanga nitakavyosimama. Nilikuwa sijawahi kufika kwao mara hata moja, Wambui. Miaka kumi na miwili. Kila likizo mama yako alikuwa akikupeleka, mimi nikibaki na kazi. Kazi haikuwa nyingi kiasi hicho. Nilikuwa naogopa. Kwetu sisi ni hapa Makongeni, babu yako alikuwa wa reli, sina kijiji ninachoweza kusema hiki ndicho kinanijua, na mtu asiye na kijiji huogopa vijiji vya wengine.

Tulifika Chwele mvua ikishuka kama imelipwa. Barabara ya kupanda ilikuwa imekuwa uji. Malori mawili yamelala, trekta limekwama likijaribu kuyavuta, na basi la juu halikuwa limeshuka tangu jana yake. Wewe ndiye uliyeona. Ukanishika mkono ukasema yule pale ni Kukhu. Nyanya yako alikuwa amesimama kwenye baraza ya duka, mama mrefu, mpana, na mwavuli mweusi, na pembeni kreti mbili za soda na mfuko wa sukari. Alikuwa ameshuka sokoni kununua vitu vya kuwapa wageni. Wageni ndio mimi. Sasa hawezi kupanda, na bila yeye wazee hawakai, na wasipokaa Wafula ameshinda.

Nikafurahi. Nikaona Mungu ameniwekea kazi mkononi. Nikaruka kutoka kwenye gari nikakimbia kwake mkono mbele, meno nje, nikimwita mama, mama.

Akafungua mwavuli. Sio juu, mbele. Akajifunika nao kama mtu anayefunga mlango.

Nilibaki na mkono wangu hewani, mvua ikiujaza. Wewe ukaja kunivuta shati, ukaniambia polepole, kama mwalimu, kwamba hairuhusiwi. Huyo ni mama mkwe wangu. Sitakiwi kumsalimia kwa mkono, sitakiwi kumkaribia, sitakiwi hata kumtazama usoni. Kwa akina mama yako ndiyo heshima. Nikauliza mbona hamkuniambia. Ukasema ulidhani kila mtu anajua.

Sasa fikiria shida hiyo na kigari hicho. Viti viwili. Ukibadilisha gia unamkanyaga mwenzako. Nikikohoa, kioo cha upande wake kinaingia ukungu. Hata wewe ungekaa katikati, na wewe ulikuwa kama fimbo, bega langu lingemfikia. Yeye akawa amekwisha kuliona hilo kutoka nyuma ya mwavuli. Akasema na wewe, na mimi nikiwa hapo hapo nasikia kila kitu: "Mwambie huyo mtu siwezi kuingia kwenye kabati naye."

Ukaniambia. Nikakuambia umwambie sio kabati ni lori. Ukamwambia. Mwavuli ukatikisika, akasema niulizwe kama lori hilo lina nyuma.

Nyuma lilikuwa nayo. Tukageuza kreti tupu tukaweka gunia juu, akapanda, akakaa mgongo kwetu, uso wake ukitazama tulikotoka, mwavuli wazi, soda na sukari miguuni. Alikaa kama malkia anayeondoka mji asioupenda. Na mimi nikagundua kwamba nikiangalia kioo cha kati namwona kisogo chake, kwa hiyo wewe ukakigeuza kikatazama juu, nikaendesha mlima ule bila kioo. Polisi wakikuuliza, mimi sikusema.

Na kigari kikapanda. Nataka ulikumbuke hilo unapokutana na wale wanaocheka. Tulipita lori la kwanza, tukapita la pili, tukapita trekta, madereva wamekaa kwenye vikanyagio vya milango wakitutazama kama watu waliomwona kuku akiogelea. Gari tupu lingeteleza tu, lakini sisi tulikuwa na uzito mahali unapotakiwa. Sikuthubutu kumtumia ujumbe wa kumsifu kwa uzito wake. Nina ujinga lakini una mpaka.

Kisha ile kona ya mgomba, kabla ya daraja. Unaijua, kesho utaipita. Kigari kikaingia kwenye ufa, kikalala upande, na hapo kikagoma. Nilikanyaga mafuta, matope yakaruka mpaka juu ya migomba. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele, nikakanyaga tena. Watu wakaanza kukusanyika ukingoni. Juu kule saa ilikuwa inakwenda, wazee wanasubiri, Wafula anatazama barabara. 

Kutoka nyuma nyanya yako akakuita. Akasema: "Mwambie huyo mtu gurudumu moja linazunguka na mwenzake amelala. Amuamshe."

Mimi ni fundi. Nilijua difu, ile inayogawia magurudumu nguvu, hufanya nini. Gurudumu lililo hewani linakula nguvu zote na lile lililo chini linabaki linatazama, na kuna magari yenye kitu cha kuyafunga yote mawili yaende pamoja. Nilijua, na nilikuwa karibu kabisa kufikiria kile kitufe. Mkono wangu ulikuwa njiani. Lakini wewe ukanitazama, ukakitazama, ukafumba macho ukisubiri tupasuke, ukakibonyeza.

Tumebishana miaka sita kuhusu hilo na hatutamaliza leo. Ulifunga macho. Mtu aliyefunga macho hawezi kuwa shahidi wa nani alikuwa karibu.

Kigari kikaruka kutoka ufani kama kimeitwa jina. Nikashangilia, nikapiga breki kwa furaha, na ile breki ndiyo iliyotuletea kesi. Mlango wa nyuma nilikuwa nimeufunga kwa mpira wa tyubu, kazi ya haraka, kazi yangu mwenyewe. Ukakatika. Nikasikia kreti, nikasikia chupa, nikaruka nje bila kufikiria mkwe wala mila, nikazunguka, na nyanya yako alikuwa anateleza, miguu imetangulia, mwavuli umekwenda na upepo, chini yake jiwe. Nikamdaka. Kwa mikono yote miwili. Kifuani.

Tukatazamana usoni, mimi na mama mkwe wangu, karibu kuliko ninavyotazamana na kinyozi wangu. Wale wanawake wa ukingoni wakajifunika nyuso na kanga. Alikuwa na macho ya mama yako, yale yale. Akageuza shingo akakutafuta wewe, akakwambia kwa utulivu kabisa uniambie nimweke chini.

Nikamweka.

Habari zilitutangulia. Mlimani habari hazihitaji kigari. Tulipofika wazee walikuwa wamekusanyika, saba au nane, mama yako amesimama kando ya nyumba na uso ambao sipendi kuukumbuka. Nyanya yako akaingia ndani kwa mlango wa nyuma. Mjomba wako Wafula akasimama, na alikuwa amejiandaa vizuri, nampa hiyo. Akasema kabla ya jambo lolote kuna kosa. Mtu huyu amemshika mama mkwe wake mwilini, mchana, mbele za watu. Anatakiwa kutoa mbuzi wa faini ndipo heshima irudi. Na kwa kuwa siku imeharibika, maneno ya mahari hayawezi kuguswa leo, hayawezi kuguswa kabla ya mavuno, na mtoto atabaki hapa kama ilivyosemwa.

Ile hotuba niliyoipanga tangu Naivasha ilipotea yote.  Mimi, Wambui. Unanijua, hata usingizini nabishana. Nilisimama pale na matope mpaka kifuani na nikawaza tu kwamba nimekupoteza kwa sababu ya mpira wa tyubu.

Ndipo ukaitwa ndani. Ukakaa kidogo. Ukatoka na gauni lako lile la maua, ukasimama katikati ya wazee, mikono nyuma, ukasema kama unayesoma shairi shuleni: "Kukhu anauliza, kama huyu si mkwe, faini ya nini? Mpita njia akimdaka mama mzee asianguke, mnamdai mbuzi au mnampa soda?"

 Kisha mzee mmoja aliyekaa mwisho, yule wa koti la jeshi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka fimbo ikamwanguka. Wengine wakafuata. Sasa hesabu ikawa ya Wafula. Akiondoa faini, hakuna kosa, siku haijaharibika, mahari izungumzwe. Akiidai, basi nimemgusa mama mkwe wangu, na mwenye mama mkwe ni mkwe, na mkwe ana mke, na mke ana mtoto, na mtoto ana baba. Alisimama pale akilizungusha kichwani na kila mtu aliona linavyozunguka. Mwishoni akasema atachukua mbuzi.

Sijawahi kulipa kitu kwa furaha namna ile. Nilimnunua mbuzi mkubwa kuliko kigari. Nikataka kulipa wawili, mama yako akanikanyaga mguu.

Mahari ikazungumzwa jioni hiyo hiyo, na mengine unayajua. Jinsi watu wa mlimani walivyokuja asubuhi kukizunguka kigari bila kucheka hata mmoja, wakiuliza kinabeba madebe mangapi ya maziwa. Jinsi mimi na Salim tulivyoagiza cha pili, na cha tatu, na vingine, vikapanda vyote huko, vya maziwa, vya vitunguu, kimoja cha mwalimu mkuu. Kila picha niliyoletewa tangu hapo nilikataa mpaka mtu asimame kando yake. Wajapani wa watu walidhani nina mchezo. Na nilipojenga upya zile nguzo za Mzee Karanja, kwa mikono yangu, nilizijenga mahali pake pa zamani kabisa, geti jembamba vile vile, na kigari bado kinapita na nafasi.

Kama kuna ushauri humu, ni huo wa picha. Utaletewa picha nyingi za vitu na za watu. Kijana atakuja amesimama peke yake mbele ya mlima. Mwone kwanza akiwa kando ya mama yake, umpime hapo. Na ukikwama, muulize aliyekaa nyuma. Wewe wa mbele unaona tu matope na sura yako kwenye kioo. Mengine yote niliyojifunza ni ya mpira wa tyubu: usifunge kitu cha maana kwa kazi ya haraka, maana hujui siku hiyo utakuwa umebeba nani.

Sasa jambo ambalo hulijui. Mjomba wako alipokuja Jumapili iliyopita, ulidhani amekuja kuchukua klachi. Klachi ilikuwa sababu. Alikaa pale pale alipokaa wakati ule wa mandazi, akavua kofia, akasema wazee wamemtuma kwa mkwe wao. Kukhu amezeeka. Vijana waliokuwa wanaendesha kule wamekimbilia mjini. Maziwa yameanza kumwagwa tena, na kila mtu mlimani anasema msichana yule Wambui akiendesha vigari vyao likizo anamshinda baba yake, jambo ambalo nililiacha lipite kwa sababu alikuwa mgeni. Akasema wanaomba mtoto aende akakae nao mwaka mmoja miwili, kama mimi baba yake nitakubali.

Nikamwambia angoje. Nikamimina chai. Nikamwongeza. Nikamuuliza habari za ng'ombe wake, mmoja mmoja, kwa majina. Mama yako alikuwa ananitazama kutoka mlangoni akijua kabisa ninachofanya. Kisha nikamwambia sikumsikia vizuri, gereji ina kelele, arudie. Ilikuwa Jumapili, Wambui, gereji ilikuwa imefungwa, hata nzi hakuwepo. Akarudia. Neno kwa neno, mpaka pale pa baba yake.

Nikasema ndiyo. Nikatoka nikaenda kupima upepo wa magurudumu ya kigari, ambayo nilikuwa nimeyapima asubuhi. Nilikaa huko chini muda mrefu hadi Mzee Karanja akaja kuniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia natafuta kifuniko cha vali. Akainama, akanisaidia kukitafuta, na vyote vinne vilikuwa mahali pake, na hakusema kitu.

Basi kesho nenda. Ukifika, kutakuwa na mtu wa kuuliza nani amekuleta huku juu. Usiseme kigari. Usiseme mjomba. Sema baba yako ameombwa, na amekubali.

Ni mimi, aliyeombwa mara mbili.